Kiti Namba Sifuri

Siku ya tatu baada ya ile mashine kuondolewa, Corinne Lahti alikuwa bado anapaza sauti jikoni. Alimwambia mgeni wake "Kunywa kahawa" kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara, kisha akajishtukia, akaweka kiganja mdomoni. Kwa miaka minne nyumba ile ilikuwa na mngurumo chini ya sakafu, mwembamba, usiokatika, kama jokofu la pili, na watu wawili walioishi juu yake walikuwa wamezoea kuzungumza kwa sauti ya kuushinda bila wao kujua. Sasa mngurumo haupo. Saa ya ukutani inasikika. Mbwa anasikika akijilamba. Corinne alisema ni kama kulala na mtu aliyekoroma miaka yote halafu akaacha ghafla: badala ya kupata usingizi, unainuka kumwangalia kama anapumua.

Wendell, mumewe, alikuwa fundi wa mabasi ya shule. Miaka thelathini na moja alilala chini ya mabasi ya manjano katika gereji ya Port Ansel, upande wa Michigan unaotazama Ziwa Superior, akibadilisha breki zilizoliwa na chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani. Hakuwa msemaji. Babu zake walitoka Finland kuja kuchimba shaba, na watu wa asili ile kwetu wanajulikana: ukimsalimia mmoja asubuhi anaweza kukujibu mchana, na jibu lenyewe atakuwa amelifikiria. Jioni alikuwa na kazi ya pili isiyo na mshahara. Alishika kamera ya chaneli ya mji, ambayo kampuni ya kebo ilituachia tuiendeshe wenyewe. Chaneli ile ilirekodi kila kitu: hoki ya shule, vikao vya baraza, kwaya ya Walutheri, gwaride la Julai, mnada wa keki, mafuriko yaliyochukua daraja. Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Baadaye ikafungwa, na kanda elfu moja mia tisa zikabaki katika kituo cha zamani cha zimamoto, chini ya paa linalovuja.

Oktoba moja baraza lilikaa kuamua zitupwe au zisitupwe, maana kituo kilihitajika kwa kuegesha tingatinga la theluji. Wendell, ambaye alikuwa hajawahi kusimama katika kikao chochote isipokuwa nyuma ya kamera, akasimama.

"Nipeni mimi."

"Uzipeleke wapi?" aliuliza Duane Kinnunen, dereva wa hilo tingatinga, mtu wa kelele na roho nzuri.

"Kwenye kompyuta."

"Kompyuta gani hiyo ya kubeba Port Ansel nzima, mzee? Yangu inakwama nikifungua picha mbili za wajukuu."

"Hiyo haipo," Wendell alisema. "Nitaijenga."

Watu walicheka, kisha wakapiga kura, kisha wakaenda nyumbani. Sidhani kama kuna aliyelifikiria jambo lile zaidi ya hapo, na mimi nilikuwamo ukumbini.

Kasha alilipata kwenye vitu vilivyotupwa na shule: kasha refu la kompyuta, jeusi, lenye nafasi ya diski nne. Yeye alitaka kumi na mbili. Hakutaka kuzibana picha zikapoteza ubora. Kila kanda aliitaka nzima, na kanda nzima inakula nafasi kama ng'ombe anavyokula majani. Alikata uso wa kasha kwa msumeno wa umeme, akang'oa rafu zake zote, akapinda vipande vya alumini vilivyokuwa fremu za madirisha ya mabasi, akavipigilia ribiti vikawa vitanda vitatu vya diski nne nne. Kati ya diski na chuma aliweka mpira wa tyubu za baiskeli, ili mtikisiko wa moja usiisumbue jirani. Mbele alifunga feni tatu na wavu wa dirishani wa kuzuia vumbi. Akalipaka lote rangi ya manjano ya basi la shule, kwa sababu ndiyo rangi aliyokuwa nayo. Mwisho akachukua vibati vya kuchorea namba, vilevile alivyotumia kuandika namba za viti, akaandika kwa rangi nyeusi 1 hadi 12, kuanzia juu kushoto, nyuma ya pale ambapo dereva angekaa.

Corinne alishuka ngazi, akalizunguka.

"Na mlango wa dharura?"

Wendell aliligeuza. Bamba la nyuma lilikuwa na bawaba na kitasa. "Huu hapa."

"Wewe una wazimu, bwana," alisema, na aliporudi juu alikuwa anacheka.

Diski zenyewe huuzwa kwa bei ya chini zikiwa ndani ya visanduku vya plastiki vya kukaa mezani, na watu wa mchezo huu huzinunua hivyo kisha wakazivua maganda. Wenyewe wanasema kumenya. Wendell alimenya kumi na mbili kwa visu vya siagi vya Corinne, akapinda visu vitatu. Akazipanga, akafunga nyaya, akawasha. Feni zikazunguka. Diski kimya. Hakuna hata moja iliyonguruma.

Wiki nzima hakuelewa. Akirudisha diski kwenye ganda lake, inazunguka. Akiitoa, inakufa. Aliandika swali kwenye jukwaa la mtandaoni ambako watu wa kazi hii hukutana, na mtu mmoja wa Moncton, Kanada, mstaafu wa mitambo ya redio aitwaye Réal Thibodeau, akampa namba ya simu.

"Kaka, tazama ulimi wa umeme wa diski," Thibodeau alisema. "Una vidole vya shaba. Hesabu kutoka ukingoni. Kidole cha tatu kizibe kwa tepu."

"Kwa nini?"

"Kikipata umeme, diski inadhani imeambiwa ilale."

Wendell alifikiri. "Unaniambia haiwaki kwa sababu inapata umeme."

"Ndiyo."

"Na nikiipunguzia umeme, itawaka."

"Ndiyo, kaka. Usiulize sana, utaumwa kichwa. Ziba."

Aliziba kwa vipande vya tepu vyembamba kama punje ya mchele, akibana pumzi. Zote kumi na mbili zikaamka pamoja. Ndipo mngurumo ulipoingia katika nyumba ile.

Thibodeau alimshauri jambo moja zaidi. Katika mpango kama huu, diski hushirikiana kukumbuka: moja ikifa, zile kumi na moja zinaweza kuyarudisha yote yaliyokuwemo, ukiweka mpya mahali pake. Zikifa mbili, imekwisha. Mtu akitaka anaweza kutenga nafasi zaidi, mashine istahimili vifo viwili.

"Tenga ya pili," Thibodeau alisema.

"Nimefanya kazi gereji miaka thelathini na moja. Basi la shule halibebi hata tairi moja la spea. Mimi nimeweka moja."

"Haya. Basi ni lako."

Miaka minne Wendell alikaa chumba cha chini akicheza kanda moja baada ya nyingine. Kanda ya saa mbili inachukua saa mbili. Hakuna njia ya mkato. Nyingi zilikuwa na ukungu, na ukungu ule ulimkaa Corinne kifuani, akakohoa majira ya baridi mawili mfululizo. Kwa hiyo kila kanda iliyokwisha kunakiliwa Wendell aliipeleka jalalani mwenyewe, kwa mkono wake, kwenye mifuko miwili. Ukimuuliza anasema aliona ni usafi. Sisi tuliokuwa tukipishana naye barabarani pia tuliona ni usafi.

Watu walikuja. Wa kudumu alikuwa Elma Puotinen, miaka themanini na minne, aliyefika kila Jumatano na mkate wa iliki kumtazama marehemu mumewe, Urho, akigombana na baraza juu ya theluji kurundikwa mbele ya geti lake. Kikao kile kilidumu saa tatu. Elma alikitazama kipande kipande, akimjibu.

"Nyamaza, Urho, hujui kitu," aliiambia skrini. "Geti lenyewe ulilijenga barabarani." Kisha kwa Wendell: "Rudisha nyuma kidogo, mwanangu. Pale anapopiga meza."

Basi, Ijumaa moja ya Mei, asubuhi, mashine ikapiga mlio. Skrini ikaandika kwamba diski namba 7 imeshindwa kazi.

Wendell hakutishika. Hiyo ndiyo siku aliyojiandalia. Alizima, akafungua mlango wa dharura, akachomoa diski iliyokaa kwenye namba 7 aliyoichora mwenyewe. Kesho yake, Jumamosi, wilaya ilikuwa inakusanya vifaa vibovu vya umeme kwenye uwanja wa maonyesho, siku moja tu kwa mwaka, na kwetu mtu hapeleki diski iliyokufa kabla ya kuitoboa, mtu mwingine asije akasoma mambo yako. Ni desturi tu. Hata wasio na siri wanatoboa. Wendell aliibana kwenye drili ya mezani, akaipiga matundu matatu, mabamba ya ndani yakalia kama kioo. Asubuhi aliipeleka pamoja na televisheni ya zamani, akala pasti, andazi la kuoka lenye nyama na viazi, akiwa kwenye foleni ya magari, akapiga soga na Duane juu ya samaki. Alasiri akarudi, akaweka diski mpya kwenye kiti cha 7, akawasha.

Skrini ikaandika: diski mbili hazipo. Namba 6 na namba 7. Mashine haikufungua chochote.

"Nimetoa moja," alimwambia Corinne. "Nimerudisha moja. Zimepotea mbili."

"Hesabu tena."

"Nimehesabu."

"Basi ni waya."

Ilionekana kweli kuwa ni waya. Alibadilisha waya. Kisha ikaonekana ni tepu, maana ni tepu iliyomsumbua mwanzo, na akili ya fundi hurudi mahali ilipowahi kupata jibu. Alichomoa zote kumi na mbili, akabandua tepu, akabandika upya, akitumia miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Namba 6 na 7. Alibadilisha feni. Alitoa mipira ya tyubu akairudisha. Nilipita siku hizo kuazima ngazi nikamkuta amekaa mbele ya kasha, magoti wazi, mikono katikati, akilitazama kama mtu anayetazama mnyama wake ambaye hali na hasemi panapomuuma. Akaniuliza kama inawezekana kitu kikapotea kwa sababu umekiongeza. Mpaka leo sina uhakika kwamba nililielewa swali.

Jumatano Elma alifika na mkate.

"Leo haiwezekani, mama. Inaumwa."

"Urho anaumwa?"

"Mashine, mama Elma."

"Ni yale yale," alisema, akakaa, akanywa kahawa, akatazama skrini nyeusi nusu saa.

Thibodeau hakupatikana siku nane. Alikuwa amelazwa kwa upasuaji wa goti. Siku ya tisa akapokea, sauti bado nzito kwa dawa. Wendell akamsimulia yote, tangu mlio wa kwanza.

"Kaka," Thibodeau alisema taratibu, "diski uliyoitoa, ulisoma namba yake ya kiwandani ukalinganisha na skrini?"

"Nilisoma namba ya kiti. Saba."

"Kiti cha kwanza umekiandika ngapi?"

"Moja. Ungetaka nikiandike ngapi?"

"Mashine inaanza kuhesabu na sifuri."

Wendell alitazama namba 1 aliyoichora juu kushoto.

"Ile inayoiita saba iko kwenye kiti chako cha nane. Uliyoitoa wewe ilikuwa nzima. Mashine inaiita sita. Usiwe na hofu, irudishe tu mahali pake, huenda..."

"Nimeitoboa."

"Umefanya nini?"

"Matundu matatu. Iko kwenye lori la wilaya, sijui limefika wapi."

Corinne, aliyekuwa kwenye ngazi na kapu la nguo, anasema kwamba hapo mumewe alikaa chini, juu ya ngazi ya mwisho, na kwamba alipoongea tena alikuwa anabisha, kama mtoto aliyeonewa darasani.

"Kwenye basi hakuna kiti sifuri. Hakuna mtoto anayekaa kiti sifuri."

"Najua, kaka."

"Na vile vidole vya umeme! Ulinihesabia kuanzia moja. Ulisema cha tatu. Nikahesabu moja, mbili, tatu."

"Vidole vinaanza na moja. Diski zinaanza na sifuri."

"Nani aliamua hivyo?"

"Sijui, kaka. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote. Sijui."

Kilichobaki kilikuwa hiki. Ile iliyougua kweli, kwenye kiti cha nane, huenda haikuwa imekufa kabisa. Huenda ilikuwa na makovu machache tu na mashine ikaitupa nje kwa tahadhari. Kama ingekubali kusomwa mara moja ya mwisho, polepole, ikanakiliwa kwenye diski mpya, mahali pabaya pakirukwa na kurudiwa baadaye, basi diski zingetimia kumi na moja, zikatosha. Kama ingegoma, kanda zote elfu moja mia tisa zingekuwa hazipo popote duniani. Kunakili kungechukua siku kumi au zaidi. Wendell alianzisha kazi hiyo Jumatatu. Jumanne kulikuwa na kikao cha baraza.

"Subiri kwanza ujue," Corinne alimsihi. "Unakwenda kuwaambia nini?"

"Nilisimama pale nikasema nipeni. Wanaamini ninazo."

"Labda unazo."

"Ndiyo hilo. Sijui."

Akaenda, akasimama. Alieleza kwa sentensi chache kuliko nilizotumia hapa, na hakuna aliyemwelewa. Mwenyekiti wetu, Bernadette Tormala, mwalimu wa hesabu mstaafu, alimwomba arudie. Akarudia.

"Ngoja," alisema Duane. "Kwa hiyo mashine haijui kuhesabu?"

"Inajua. Inaanza na sifuri."

"Huwezi kuanza na sifuri! Nikikuambia nina lori sifuri, nina lori?"

"Mtoto akizaliwa ana miaka mingapi?" aliuliza Bernadette.

"Sasa huyo ni mtoto, mama, siyo diski!"

"Wewe Duane ulikaa kwenye sifuri mpaka darasa la tatu," Elma alisema kutoka safu ya nyuma. "Nilikufundisha mimi."

Ukumbi ulicheka. Wendell hakucheka. Duane alipomaliza kupangusa macho alimwona, naye akaacha.

"Sema tu, mzee. Zipo au hazipo?"

"Sijui. Kanda zenyewe nilizitupa. Nilizitupa zote." Akashika kiti cha mbele yake. "Nilidhani nikiziweka mahali pamoja zitakuwa salama."

Bernadette alivua miwani. Akauliza, siyo kwa ukali, kwa nini vitu vyote vya mji vilikuwa kwenye chumba cha chini cha mtu mmoja. Hakumuuliza Wendell. Alituuliza sisi. Wengi wetu tulikuwamo ukumbini Oktoba ile, na tulikuwa tumecheka, tumepiga kura, tumekwenda nyumbani.

Kunakili kulichukua siku kumi na moja. Wendell hakukaa karibu nayo. Alikata nyasi, akapaka rangi kibanda cha sauna, akakata nyasi zilezile tena. Corinne ndiye aliyekuwa akishuka kusoma asilimia na kupanda kumwambia, na kuna siku mbili namba haikusogea kabisa naye akamdanganya kwamba imesogea kidogo. Ilipofika mwisho, diski mgonjwa ilitoa mlio mmoja wa kukwaruza na haikuwaka tena. Nakala yake ikawekwa kiti cha nane. Mashine ikafikiri dakika moja, ikafunguka.

Kanda sita hazikurudi kabisa. Thelathini na nane zina majeraha: picha inavunjika vipande vya mraba, sauti inakatika, kisha maisha yanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Fainali ya hoki ya mwaka tuliofuzu jimboni ni mojawapo. Bao la ushindi limeliwa, unaona mpira wa kuteleza unaondoka kwenye gongo halafu unaona watu wamekumbatiana. Kikao cha Urho kina dakika nne za namna hiyo. Elma alizitazama zote nne, akaomba zirudiwe, akasema kwamba hata alipokuwa hai kuna siku alikuwa hivyo.

Zilizobaki zilikuwa nzima. Tulimpongeza Wendell na yeye hakujua afanye nini na pongezi zile. Alimuuliza Bernadette mara mbili kama wanampongeza kwa kuziokoa au kwa kutoziua zote, na Bernadette alisema hata yeye hana hakika, ila apokee tu. Nadhani kilichomsumbua si kosa. Makosa alikuwa ameyafanya mengi gerejini, yana jina, yana bolti yake. Hili halikuwa na mahali pa kulishika. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa, kwa utaratibu, kwa namba alizozichora kwa mkono wake mwenyewe, na kila hatua ilikuwa sahihi kuanzia pale alipoanzia yeye.

Juni baraza lilipiga kura tena, safari hii polepole. Nakala moja ilitumwa Moncton, kwa Thibodeau, ambaye amejenga mashine yake ya kuipokea na ametenga nafasi ya vifo viwili. Kasha lenyewe Duane alilibeba kwa lori la mji, kwa mwendo wa miguu, taa za tahadhari zikimulika.

Liko maktaba ya wilaya, chumba kilicho nyuma ya magazeti. Wendell Lahti yuko hapo Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri.